Kutembea, kukimbia, vyuma au mpira na wenzako? Tuanze na suruali za madereva

Nimeulizwa "zoezi gani ni bora?" mara nyingi mno, na siku hizi nalijibu swali hilo kwa swali: bora kwa nani? Kijana wa miaka 28 asiyepata usingizi kwa mawazo na mzee wa miaka 74 aliyeanguka bafuni mwezi uliopita hawahitaji kitu kimoja, hata kama wote wawili daktari kawaambia yale yale mawili, "fanya mazoezi".

Kabla ya kuyaweka mazoezi kwenye mizani, naomba tuzungumzie suruali.

Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kitini zamu nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi siku nzima akikata tiketi. Mwajiri mmoja, mji mmoja, barabara zile zile. Ikaonekana kwamba makondakta waliugua maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na walioyapata waliyapata wakiwa na umri mkubwa zaidi. Sehemu kubwa ya tunayoyasema leo kuhusu mazoezi na moyo ina mizizi yake katika ngazi zile.

Lakini mwaka 1956 watafiti hao hao walirudi na takwimu za sare za kazi. Madereva walikuwa wakipewa suruali zenye kiuno kipana kuliko za makondakta wa rika lao. Yaani huenda sehemu ya tofauti ile ya moyo haikuletwa na kiti wala ngazi: iliingia kazini pamoja na mtu mwenyewe siku alipoajiriwa.

Napenda watafiti wanaojichunguza namna hiyo. Mimi huliita swali la suruali: je, watu hawa walikuwa tofauti hata kabla ya zoezi? Kila takwimu nitakayoitaja hapa chini nitajaribu kuiuliza hivyo, maana ndipo wengi wanapopotezwa na vichwa vya habari.

Kwa mwenye haraka, picha yenyewe ni hii:

| Zoezi | Linapokupa zaidi | Linapokusumbua |
|---|---|---|
| Kutembea haraka | Moyo, shinikizo la damu, kuanza bila hofu | Haliijengi misuli ya kutosha |
| Kukimbia | Pumzi na moyo kwa muda mfupi | Majeraha ya kuzidisha, hasa kwa anayeanza |
| Vyuma na mazoezi ya nguvu | Misuli, mifupa, uzee wa kujitegemea, hali ya akili | Kujifunza mkao sahihi |
| Michezo na wenzako | Furaha, urafiki, kutoacha njiani | Kuumia, kutegemea ratiba za wengine |
| Yoga na taichi (mienendo ya polepole ya Kichina) | Usawa wa mwili, utulivu, kujinyoosha | Huwa jepesi mno kwa moyo |
| Dansi | Pumzi, kumbukumbu na watu kwa mpigo mmoja | Aibu ya siku ya kwanza |

Kipimo cha chini kinachotumika duniani ni mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020. Mtu mzima anatakiwa apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au 75 hadi 150 za mwendo wa nguvu, na juu yake mazoezi ya misuli siku 2 au zaidi. Aliyefika miaka 65 anaongezewa mazoezi ya usawa na nguvu siku 3 kwa wiki. Watu wengi hukumbuka zile 150 tu, na ile sentensi ya misuli huwaponyoka. Nitairudia.

Kutembea na kukimbia

Hakuna haja ya saa ya mkononi kutofautisha wastani na nguvu. Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, huo ni mwendo wa wastani. Ukiweza kusema maneno machache tu kisha ukatafuta pumzi, umeingia kwenye nguvu. Katika hesabu ya mwongozo ule, dakika moja ya kukimbia ni kama mbili za kutembea haraka. Kwa hiyo mtu mwenye nusu saa mara tatu kwa wiki na hana zaidi, kukimbia kunamtosheleza kipimo, kutembea hakumtoshelezi.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 uliwafuatilia watu wazima 55,137 kwa takribani miaka 15. Waliokuwa wakikimbia walikuwa na uwezekano mdogo wa kufa katika kipindi hicho kwa asilimia 30 kuliko wasiokimbia, na kwa maradhi ya moyo na mishipa kwa asilimia 45. Kilichonishangaza si asilimia hizo. Ni kwamba hata waliokimbia dakika 5 hadi 10 tu kwa siku, tena polepole, walionekana kufaidika. Sasa uliza suruali: anayekimbia ni mtu ambaye *anaweza* kukimbia. Mgonjwa wa moyo, mwenye pumu kali, mwenye uzito uliomlemea, wote hao wako upande wa pili wa mizani tangu mwanzo. Watafiti huzisahihisha hesabu zao kwa umri, sigara, uzito na kadhalika, na husaidia, ila hazisafishi kila kitu. Nayaamini matokeo haya kwa mwelekeo wake kuliko kwa tarakimu zake.

Na magoti? Hofu ya kwamba kukimbia kunasaga magoti imeenea kuliko ushahidi wake. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2017 yalikuta ugonjwa wa kuchakaa kwa maungio ya goti au nyonga kwa asilimia 3.5 ya wanaokimbia kwa kujifurahisha, asilimia 10.2 ya wasiofanya mazoezi, na asilimia 13.3 ya wakimbiaji wa mashindano. Hapa nako suruali ipo: aliyeanza kuumwa goti aliacha kukimbia zamani, akahesabiwa na wanaokaa. Lakini angalau tunaweza kusema kwamba kukimbia kwa kiasi hakujaonekana kuwa adui wa magoti.

Kinachowaumiza wakimbiaji wapya ni haraka. Moyo na mapafu huzoea ndani ya wiki chache, mtu akajiona simba, ilhali kano na mifupa vinahitaji miezi. Mimi mwenyewe niliongeza umbali mara mbili ndani ya wiki tatu kwa sababu nilikuwa "najisikia vizuri". Ugoko ukanifundisha adabu kwa miezi miwili, na katika miezi hiyo ndipo nilipokuja kuheshimu kutembea.

Maana kutembea hudharauliwa. Hudharauliwa hata na wanaopendekeza kutembea, wakikufunga kwenye hatua 10,000 kana kwamba ni namba iliyoshushwa maabara. Haikutoka maabara. Ilitoka Japani mwaka 1965, jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa kama manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Ilikuwa namba nzuri ya kuuzia. Mwaka 2019 kikosi cha mtafiti I-Min Lee kiliwafungia vipimo wanawake 16,741 wa Marekani, wastani wa umri miaka 72. Waliotembea hatua takribani 4,400 kwa siku walikuwa na uwezekano mdogo wa kufa kwa asilimia 41 wakilinganishwa na waliotembea 2,700. Faida iliendelea kupanda na hatua, ikatulia karibu na 7,500. Kwa mwanamke wa umri huo, hatua elfu mbili za ziada, yaani kama dakika ishirini, ndizo zenye uzito. Zile za kutoka elfu nane kwenda kumi ni za raha yake.

Kutembea kuna jambo jingine la kulitetea. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani waliwagawa wazee 120 kwa bahati nasibu: nusu watembee haraka siku tatu kwa wiki, nusu wajinyooshe tu. Baada ya mwaka, hipokampasi, ile sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu, ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 2 kwa watembeaji na imepungua kwa asilimia 1.4 kwa wenzao. Hapa suruali haina nafasi kubwa kwa sababu waligawanywa kwa bahati nasibu. Tafiti nyingine zilizofuata hazikupata ongezeko wazi namna hiyo, kwa hiyo nisikuahidi ubongo mpya. Lakini kama hujafanya zoezi lolote kwa miaka, hukumu yangu ni kutembea kwanza, uharakishe baada ya wiki kadhaa, na ukimbie baadaye ukitaka. Anayeruka hatua hiyo mara nyingi hurudi kuianza akiwa amefungwa bandeji.

Vyuma, au ile sentensi inayosahaulika

Misuli huanza kupungua polepole kuanzia miaka ya thelathini na kitu, na kutembea peke yake hakuzuii. Ndiyo maana unaweza kumwona mtu aliyetembea kila siku maisha yake yote akashindwa kuinuka kwenye kiti cha chini bila kushika kitu.

Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake walichapisha jaribio dogo lililofanywa kwenye makao ya wazee: watu kumi, umri wao ukizunguka miaka 90, wiki nane za kunyanyua uzito kwa miguu, uzito wa kweli na si wa kubembeleza. Nguvu ya mapaja ikapanda kwa wastani wa asilimia 174 kwa waliomaliza. Ni jaribio dogo, halina kundi la kulinganisha, lakini lilivunja dhana kwamba misuli ya mzee ni kuni zilizokwisha kuungua. Mwaka 1994 alilirudia na wazee 100 waliogawanywa kwa bahati nasibu, na nguvu ilipanda tena, pamoja na mwendo wa kutembea na uwezo wa kupanda ngazi.

Kwa upande wa akili nako vyuma havikubaki nyuma. Mapitio ya mwaka 2018 yaliyokusanya majaribio 33 yenye watu 1,877 yalionyesha kwamba mazoezi ya nguvu hupunguza dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na hupunguza hata pale ambapo nguvu za mtu hazikuongezeka sana. Hilo la mwisho limenikalia kichwani. Maana yake huhitaji kuwa na mikono ya kujivunia ili akili ipate nafuu.

Kati ya mazoezi ya pumzi, kama kutembea haraka na kukimbia, na vyuma, basi, ni kipi? Ukiwa chini ya miaka 40 na una nafasi ya kimoja tu, ningekwambia pumzi, kwa sababu moyo ndio unaoua wengi. Ukishapita 55, sitakubali uchague kimoja. Gawanya. Na tafadhali usisubiri jimu: kukaa na kuinuka kitini bila kutumia mikono mara kumi, pushapu za ukutani, kubeba mzigo mkono mmoja ukitembea, kupanda ngazi. Misuli haijui kama chuma kina nembo.

Peke yako au na wenzako

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo watu wanapodanganywa zaidi.

Uchunguzi wa moyo wa jiji la Copenhagen, uliochapishwa mwaka 2018, uliwafuatilia watu 8,577 kwa takribani miaka 25 na kukadiria miaka ya maisha iliyoambatana na kila mchezo, ukilinganisha na wasiofanya chochote. Tenisi: miaka 9.7. Mpira wa vinyoya: 6.2. Kandanda: 4.7. Baiskeli: 3.7. Kuogelea: 3.4. Kukimbia: 3.2. Mazoezi ya jimu: 1.5. Ukisoma haraka utakimbilia kununua raketi.

Suruali! Nani anacheza tenisi? Mwenye kiwanja, mwenye mwenza, mwenye jioni zisizo na zamu ya pili, na mwenye viungo vinavyomruhusu kugeuka ghafla. Anayekwenda jimu kwa upande wake huenda ametumwa na daktari baada ya vipimo kuharibika. Watafiti wenyewe walisema wazi kwamba uchunguzi wa namna hii hauthibitishi sababu.

Ila kuna jambo linalonizuia kuutupa. Mwaka mmoja kabla, kikosi kingine kilichokusanya taarifa za watu 80,306 wa Uingereza na Uskoti kilipata mpangilio unaofanana: michezo ya raketi iliambatana na upungufu wa vifo kwa asilimia 47, kuogelea 28, aerobiki 27, baiskeli 15. Kandanda na kukimbia havikuonyesha tofauti ya uhakika kitakwimu. Kandanda inayotoa karibu miaka mitano Copenhagen haitoi kitu cha uhakika Uingereza, na kukimbia ndiyo yale yale tuliyoyaona yakitamba Marekani. Hivyo mpangilio wa katikati usiuamini. Lakini raketi imekaa juu mara mbili, kwa watu tofauti, na inaleta maana mwilini: mbio fupi za ghafla zinazokatizwa na mapumziko, macho na miguu vikifanya kazi pamoja, na ng'ambo ya neti kuna mtu anayekusubiri.

Mtu huyo anayekusubiri ndiye ninayemhesabu zaidi. Mwaka 2010 mapitio ya tafiti 148 zenye watu 308,849 yalikuta kwamba wenye mahusiano mazuri ya kijamii walikuwa na uwezekano mkubwa wa kuendelea kuishi kwa asilimia 50 kuliko wenye mahusiano hafifu. Halikuwa zoezi hata kidogo. Basi ukiweka zoezi ndani ya urafiki unapata viwili kwa safari moja.

Ukubwa wa jambo hili kwa akili ulionekana mwaka 2018 katika uchambuzi wa majibu ya Wamarekani milioni 1.2. Waliofanya mazoezi walitaja siku chache zaidi za hali mbaya ya akili kwa mwezi, pungufu kwa asilimia 43.2, wakilinganishwa na watu wanaofanana nao kwa umri, kipato na mengineyo. Katika hesabu ya kila zoezi peke yake, michezo ya timu iliongoza kwa asilimia 22.3, baiskeli ikafuata kwa 21.6, aerobiki na jimu 20.1. Tazama zilivyokaribiana. Tofauti kati ya timu na baiskeli si ya kumfanya mtu abadili maisha. Tofauti kati ya kufanya na kutofanya ndiyo kubwa. Waliokuwa na nafuu zaidi walikuwa wakifanya kama dakika 45 kwa mara, siku tatu hadi tano kwa wiki. Waliopitisha saa tatu kwa siku hali zao zilikuwa mbaya kuliko wa wastani. Ingawa hapo pia sijui kama zoezi ndilo lililowavuruga, au waliovurugika ndio wanaokimbilia zoezi.

Timu ina gharama yake. Kifundo cha mguu na goti hulipa. Programu ya kupasha mwili moto iliyoandaliwa chini ya FIFA ilijaribiwa mwaka 2008 kwa wasichana 1,892 wa Norway, na majeraha makubwa yakapungua kwa karibu nusu. Ni dakika ishirini za kukimbia taratibu, kuruka, kusimama kwa mguu mmoja na kuimarisha mapaja. Timu nyingi za mtaani huziruka ili ziwahi kuanza mechi, kisha hushangaa. Gharama ya pili haionekani kwenye bandeji: timu inayokudhihaki kila ukikosa pasi haitakupa afya ya akili, hata utafiti useme nini. Nimewahi kuiacha timu moja kwa sababu hiyo, na usingizi ukarudi.

Akili ikilemewa kweli

Mpaka hapa nimezungumzia watu wenye mawazo ya kawaida ya maisha. Sonona ni jambo jingine, na hapa ulinganisho unaoulizwa mara nyingi ni kati ya mazoezi na dawa.

Mwaka 1999 James Blumenthal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke waliwachukua watu 156 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, wote wakiwa na sonona, wakawagawa kwa bahati nasibu: mazoezi, dawa ya sertralini, au vyote viwili. Baada ya wiki 16 makundi yote matatu yalikuwa yamepata nafuu ya kukaribiana. Dawa ilifanya kazi haraka zaidi mwanzoni. Walipofuatiliwa miezi sita baadaye, kurudi kwa ugonjwa kulikuwa kudogo kwa waliopona kwa mazoezi. Wakosoaji wakasema, sawa, lakini hakukuwa na kundi lisilopewa kitu. Pengine wangepona hata hivyo. Mwaka 2007 Blumenthal akarudi na watu 202 na kidonge bandia. Waliopona kabisa walikuwa asilimia 47 kwa dawa, 45 kwa mazoezi ya pamoja chini ya msimamizi, 40 kwa mazoezi ya nyumbani, na 31 kwa kidonge bandia. Hiyo 31 ndiyo namba ninayoipenda kwa ukweli wake: karibu mtu mmoja kati ya watatu alipona akiwa amemeza unga mtupu na kuhudumiwa vizuri. Mazoezi yako juu ya hapo, ila si muujiza.

Mapitio makubwa ya mwaka 2024, yenye tafiti 218 na washiriki 14,170, yaliweka mbele kutembea au kukimbia taratibu, yoga, mazoezi ya nguvu na dansi. Mazoezi yenye nguvu zaidi yalisaidia zaidi. Yoga na vyuma ndivyo ambavyo watu wachache waliviacha njiani. Watafiti wakaongeza kwamba tafiti nyingi walizozikusanya zina udhaifu, kwa sababu huwezi kumficha mtu kwamba anakimbia kama unavyoweza kumficha kidonge.

Kwa kujikinga badala ya kujitibu, picha inabadilika. Uchunguzi wa Norway uliochapishwa mwaka 2018, ukiwafuatilia watu wazima 33,908 kwa miaka 11, ulikadiria kwamba asilimia 12 ya visa vya sonona vingeweza kuepukwa kama kila mtu angefanya walau saa moja ya mazoezi kwa wiki. Ukali wa zoezi haukuwa na maana. Na kwa wasiwasi wa kupindukia, zoezi halikuonekana kukinga. Kwa hiyo anayetaka kujikinga na sonona atosheke na kidogo anachokipenda. Aliyekwisha kulemewa alenge mwendo wa nguvu kidogo, akiwa na mtu wa kumsimamia. Na anayetumia dawa asiiache kwa kusoma makala, hii ikiwemo. Dawa za sonona zikikatwa ghafla huleta shida zake.

Kuhusu ile raha ya baada ya kukimbia: tuliambiwa miaka mingi kuwa ni endofini, kemikali za mwili za kutuliza maumivu. Endofini za kwenye damu hazivuki kirahisi kuingia kwenye ubongo, na katika jaribio la mwaka 2021 wakimbiaji waliopewa dawa ya kuzizuia waliendelea kujisikia raha ile ile. Siku hizi wanaoshukiwa zaidi ni endokanabinoidi, kemikali za mwili zinazofanana kwa tabia na zile za bangi. Kwa uchaguzi wako haibadilishi kitu, ila ni vizuri kujua.

Yoga, taichi na dansi

Nitapita haraka kwenye yoga na taichi kwa sababu hukumu yake ni rahisi. Kama tatizo ni kuanguka, vichukue. Mapitio ya mwaka 2019 ya majaribio kwa wazee yalionyesha kwamba mazoezi, hasa ya usawa na ya kufanya mienendo ya kila siku, hupunguza kuanguka kwa asilimia 23, na taichi ilionekana kusaidia pia. Kama tatizo ni moyo na uzito, yoga ya taratibu haitoshi, iongezee kutembea.

Dansi sitaki kuipita. Mwaka 2003 ulitolewa utafiti wa wazee 469 wa New York, wenye miaka zaidi ya 75. Kati ya shughuli zote za mwili zilizoulizwa, ni dansi tu iliyoambatana na kupungua kwa hatari ya kupoteza akili uzeeni. Kusoma, michezo ya bao na kupiga ala za muziki navyo viliambatana. Unaona kinachounganisha: kukumbuka hatua, kumfuata mwenzako, kusikiliza mdundo. Ndiyo, suruali ipo. Anayeanza kusahau huacha dansi mapema. Ila kwa mtu anayesema "mimi mazoezi nayachukia", dansi ndiyo jibu langu la kwanza, na sijawahi kulijutia.

Nje au ndani

Kama una miti karibu, toka. Watafiti wa Stanford mwaka 2015 waliwapeleka watu kutembea dakika 90, wengine kwenye majani na miti, wengine kando ya barabara yenye magari. Waliotembea kwenye miti waliripoti kupungua kwa yale mawazo yanayojirudia kichwani; wa barabarani hapana. Walikuwa watu 38 tu. Kama nje hakuna usalama au hewa ni mbaya, ndani panatosha kabisa. Usiliache zoezi kwa kukosa msitu.

"Mimi kazi yangu ni jasho tupu"

Mtu anayebeba mizigo kutwa ana haki ya kuuliza anahitaji mazoezi ya nini. Uchunguzi wa Denmark wa mwaka 2021, wenye watu wazima 104,046, ulikuta jambo la ajabu: kujishughulisha sana wakati wa mapumziko kuliambatana na maradhi machache ya moyo na vifo vichache, lakini kujishughulisha sana kazini kuliambatana na kuongezeka kwa vyote viwili. Yako maelezo yanayopendekezwa: kazi hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu kwa saa nyingi bila kupumzika, na mbebaji hachagui lini asimame. Uliza suruali kwa sauti kubwa hapa, maana wanaofanya kazi nzito mara nyingi ndio wenye kipato kidogo na matibabu hafifu. Hata hivyo, kwa mtu huyu sitapendekeza kukimbia jioni. Nitapendekeza usingizi, kujinyoosha, na mchezo wa wikendi na marafiki.

Na wikendi si neno la aibu. Mwaka 2023 uchambuzi wa watu 89,573 wa Uingereza waliovaa vipimo mkononi ulionyesha kwamba waliorundika mazoezi yao kwenye siku moja au mbili walikuwa na hatari ndogo ya maradhi ya moyo karibu sawa na walioyasambaza wiki nzima, mradi jumla ifike dakika 150.

Basi unachagua vipi?

Tafuta kinachokukosekana, si kinachosifiwa. Mpweke aende kwenye timu au dansi, hata kama moyo wake ungependelea baiskeli. Anayezungukwa na watu na kelele kutwa nzima akakimbie peke yake, bila simu. Aliyepita miaka 60 aanzie na nguvu za miguu. Mwenye maumivu ya kifua akijitahidi, kizunguzungu, au sukari na shinikizo visivyodhibitiwa, amwone daktari kabla ya mwendo wa nguvu. Kutembea taratibu anaweza kuanza nako.

Ukishachagua, jipe muda wa kweli. Utafiti wa London uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea mazoea mapya, na kwa wastani jambo lilichukua siku 66 hadi likawa la kujiendea lenyewe; wengine 18, wengine ilikadiriwa 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo wiki mbili hazitoshi kusema "hili si langu". Katika miezi miwili hiyo usijipime uzito kila asubuhi. Andika mambo mawili tu kwenye karatasi: ulilala vipi, na je, ulipofika wakati wa zoezi ulitamani kwenda au ulijiburuza? Ukiona umejiburuza mara nyingi kuliko ulivyotamani, rudi kwenye lile jedwali la juu uchague mstari mwingine.